Chai ya Kijani ya Wajapani: Tarehe na Ladha Yake

Neno letu "chai" na neno la Wajapani "cha" ni ndugu. Asili yao yote mawili ni China. La kwanza lilishika njia ya nchi kavu, likapita Uajemi na kuenea Bara Hindi na Arabuni, hata likatufikia sisi watu wa pwani. La pili lilivuka bahari pamoja na watawa wa Kibuddha, likatua Japani, na wenyewe wakalitangulizia silabi ya heshima wakasema "ocha", kama sisi tunavyoona haya kumtaja mkubwa kwa jina tupu. Mti nao ni mmoja. Mchai uliopandwa Limuru mwaka 1903 ni wa jamii moja na mchai wa Uji na wa Shizuoka. Kinachotofautisha ni mikono ya watu. Majani ya chai yetu ya rangi hukatwakatwa na kuachwa yashikwe na hewa mpaka yageuke, ndipo yakaushwe. Majani ya Wajapani huwahiwa kwa mvuke wa moto yangali mabichi, muda mfupi baada ya kuchumwa. Mvuke huo huizuia rangi isigeuke, na ndiyo maana kikombe chao hubaki kijani, na harufu yake hukumbusha majani yaliyokatwa asubuhi na mwani uliotupwa ufukweni.

Mpenzi msomaji aliyezoea kahawa chungu ya barazani, inayonywewa kwa kipande cha kashata au halua, hahitaji kuambiwa kwamba uchungu ni ladha wala si kasoro. Ana nusu ya elimu tayari. Nusu iliyobaki ni tarehe, kwani chai hii haionjeki sawasawa kwa asiyejua ilipopita. Na tarehe yake ni ya mvutano mrefu juu ya swali moja: kitu kizuri ni cha nani, na thamani yake hupimwa kwa mizani gani? Kwa swali hilo mtu mmoja alipoteza roho yake, na mwengine alivitia moto vyombo vyake kwa mkono wake mwenyewe.

Habari za mwanzo zilizo wazi katika vitabu rasmi vya dola ya Japani ni za mwaka 815. Mfalme Saga alikuwa safarini, na mtawa Eichu, aliyepata kuishi China miaka mingi, akamwandalia chai hekaluni. Mfalme akaipenda, akaamuru mchai upandwe katika majimbo ya karibu na mji mkuu. Hata hivyo pendo lile halikuenea. Safari za China zilipopungua, chai nayo ikafifia, ikabakia ndani ya kuta za mahekalu na kasri.

Takriban karne nne zilipita. Mwaka 1191 mtawa Eisai alirudi kutoka China na mbegu za mchai, na pamoja nazo ujuzi wa Wachina wa zama za Song: kuyasaga majani makavu yakawa unga laini, kisha kuuvuruga unga huo katika maji ya moto kwa kipekecho cha mwanzi. Wachina wenyewe waliiacha desturi hiyo baadaye. Wajapani wakaishika, nayo ndiyo asili ya "matcha". Eisai alitunga kitabu, Kissa Yojoki, kuisifu chai kuwa ni dawa ya kuulinda mwili. Na mwaka 1214, Shoguni Minamoto no Sanetomo, mtawala aliyekuwa pia mshairi, alipoamka na maumivu ya kichwa baada ya usiku wa ulevi, Eisai alimpelekea bakuli la chai na kitabu chake pamoja. Kwa hivyo chai iliingia kwa watawala kupitia mlango wa dawa.

Kwa watawa ilikuwa ni zaidi ya dawa. Iliwasaidia kukesha katika kutafakari bila ya kusinzia. Hapa msomaji wa pwani atakumbuka masufi wa Yemen, ambao katika karne ya 15 walikunywa kahawa ili wakeshe katika dhikri. Vinywaji viwili, bahari mbili, na haja moja ya kuufungua moyo usiku wakati wengine wamelala. Vyote viwili vilitoka katika ibada vikaingia sokoni, na vyote viwili vilipofika huko vilizusha ghasia.

Ghasia za chai ya Japani zilianzia katika mashindano. Eisai alimpa mbegu mtawa Myoe, naye akazipanda Toganoo, milimani karibu na Kyoto. Chai ya huko ikaitwa chai ya kweli, na ya pengine popote ikaitwa "si chai". Katika karne ya 14 mabwana wakubwa walikusanyika kuonja mabakuli na kukisia lipi limetoka wapi, na waliofaulu walizawadiwa hariri, panga na vyombo vya thamani. Upuuzi ulizidi hata sheria za serikali mpya za mwaka 1336 zikakataza mikutano ya chai yenye kamari. Zilikataza pamoja nayo mikutano ya mashairi ya kupokezana, kwa sababu ile ile, kwani watu walikuwa wakiwekeana dau kwenye beti pia. Wapenzi wa ushairi na waunde faraja hapo: palikuwa na zama ambapo beti zilihesabiwa kuwa hatari kwa dola.

Kadiri siku zilivyokwenda, sifa ya Toganoo ilihamia Uji, kusini ya Kyoto, penye mto na ukungu wa asubuhi. Huko wakulima waligundua siri iliyobadilisha ladha. Wiki chache kabla ya kuchuma walijenga majukwaa juu ya mashamba yao, wakayafunika kwa matete na majani makavu ya mpunga, michai ikakaa kivulini. João Rodrigues, padri Mreno aliyeishi Japani kuanzia 1577 hadi 1610, aliiona kazi hiyo na kuiandika. Sababu yake imejulikana katika zama zetu. Mchai una kiini kiitwacho theanini, chenye kuleta ule utamu mzito wa kinywani. Jua kali hukigeuza kiini hicho kuwa uchungu mkavu wenye kukaza ulimi, na kivuli huzuia mgeuko huo. Jani lililonyimwa jua hunenepa rangi na kulainika.

Utamu huo Wajapani huuita "umami", na watafsiri wa Ulaya wamehangaika nao, kwa kuwa katika lugha zao tamu ni ya sukari. Mimi katika kutafsiri nimeona kwamba Kiswahili kina nafuu. Sisi husema mchuzi mtamu, na hakuna anayedhani kwamba umetiwa sukari. Neno letu "tamu" limebeba yote mawili tangu zamani, na mtu akimwambia mpishi wa kwetu kwamba chai hii ina utamu wa mchuzi wa samaki uliokolea, hatashangaa kama atakavyoshangaa Mwingereza.

Turudi kwa mabwana. Chai ilipokuwa kinywaji cha watawala, macho yao yalitoka katika jani yakahamia katika vyombo. Watawala wa ukoo wa Ashikaga walikusanya mabakuli, mitungi na picha za China, na kila chombo kilikuwa na nasaba yake kama farasi wa asili. Sisi hatuwezi kuwacheka. Vyungu na sahani za kijani za China, za aina ile ile iliyopendwa na mabwana wa chai, zimefukuliwa katika magofu ya Gedi na Kilwa. Waungwana wa Lamu na Pate walizipanga katika zidaka za majumba yao, na makaburi ya mnara ya pwani yalipambwa kwazo. Bahari moja iliwagawia watu wa ncha zake mbili fahari moja.

Wa kwanza kugeuza njia alikuwa Murata Juko, aliyefariki mwaka 1502, aliyependelea kuchanganya chombo cha kifahari cha China na chombo duni cha nyumbani. Akafuata Takeno Joo, mtu wa Sakai, aliyejifunza ushairi kabla ya kujifunza chai, na akaileta katika chai ile staha ya beti chache zenye kunyamaza zaidi kuliko kusema. Mwanafunzi wake akawa Sen no Rikyu.

Rikyu alizaliwa mwaka 1522 huko huko Sakai. Ulikuwa mji wa bandari, wenye matajiri wa biashara za ng'ambo, wenye kiburi cha kujiendeshea mambo yao. Msomaji wa Mombasa au wa Lamu hatakosa kuuelewa. Zama zenyewe zilikuwa za vita. Jemadari Oda Nobunaga aliwazawadia maamiri wake vyombo vya chai badala ya ardhi, na husimuliwa kwamba Matsunaga Hisahide, alipozingirwa mwaka 1577, aliona afadhali birika lake mashuhuri liangamie pamoja naye kuliko kumkabidhi Nobunaga. Birika moja lilikuwa na uzito wa ngome.

Rikyu alimtumikia Nobunaga, na baada yake Toyotomi Hideyoshi, aliyezaliwa katika unyonge akaiunganisha Japani kwa upanga. Hapo ndipo mizani mbili zilipokutana katika chumba kimoja. Hideyoshi alijitengenezea chumba cha chai cha dhahabu, chenye kuweza kuvunjwa na kubebwa, na mwaka 1586 akakipeleka kasri ya mfalme. Rikyu naye ananasibishiwa chumba kiitwacho Taian, kilichopo hata leo Yamazaki, karibu na Kyoto: mikeka miwili tu, kuta za udongo uliochanganywa na mabua, na mlango wa kutambaa usiofika mita moja kwa urefu. Jemadari na mchuuzi wote hupiga magoti na kuinama ndipo wapite, na upanga huachwa nje. Badala ya mabakuli ya China, Rikyu alimwagiza Chojiro, fundi aliyehusika na kazi ya vigae vya mapaa, amfinyangie mabakuli kwa mikono mitupu bila ya gurudumu, meusi na mekundu, mazito kidogo upande mmoja kama kitu kilichookotwa.

Tusimfanye Rikyu kuwa fakiri. Alikuwa mtu wa mamlaka, mwenye sikio la mtawala, na neno lake moja lilipandisha bei ya kipande cha mwanzi. Pengine hilo ndilo lililomponza. Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru ajiue. Sababu zilizotajwa ni mbili: sanamu yake ya mti iliyowekwa juu ya lango la hekalu la Daitokuji, hata mtawala akipita akawa anapita chini ya miguu yake, na shutuma kwamba alijitajirisha kwa kuuza vyombo kwa bei ya kupindukia. Wanavyuoni wanaendelea kuhojiana. Lakini angalia shutuma ya pili inasema nini. Mtawala anaweza kuthaminisha dhahabu, kwani dhahabu ina mizani. Mtu anayeweza kusema kwamba bakuli la mfinyanzi wa vigae ni bora kuliko dhahabu, na watu wakamwamini, amejitwalia haki ambayo mtawala anadhani ni yake peke yake. Rikyu, mwenye umri wa karibu miaka 70, aliacha shairi la kuaga, akatii.

Uzuri alioutetea Wajapani huuita "wabi". Nimelitafutia neno hilo mwenziwe katika Kiswahili kwa muda mrefu. "Unyenyekevu" ni tabia, na "ufukara" ni hali ya mfuko. Neno lililo karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni "ukiwa", kwani "wabi" nalo limetoka katika kitenzi cha kuhuzunika na kuachwa peke yako. Watu wa pwani tunaujua ukiwa kupitia Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeyatazama majumba ya Pate yaliyoanguka, na zidaka za vyombo zikawa malazi ya makinda ya ndege. Kwake yeye ukiwa ni mawaidha: moyo, zindukana, dunia hii haina dhamana. Rikyu aliitazama dunia ile ile isiyo na dhamana, yenye miji iliyochomwa na vita, akaujengea ukiwa nyumba ya mikeka miwili na kumkaribisha mgeni ndani yake. Hawakubaliani kuhusu kitakachofuata baada ya dunia, lakini wote wawili waliiona sahani ya China ikiwa tupu. Tafsiri yangu haikamiliki, ila angalau inamfungulia msomaji wetu mlango anaoujua.

Wajukuu wa Rikyu walirejeshewa heshima, na kutoka kwao zikatoka nyumba tatu za mafunzo ya chai zilizopo hadi leo. Watawala wa ukoo wa Tokugawa, walioshika nchi tangu 1603, waliifanya chai ya Uji kuwa mali ya dola. Familia maalumu peke yao ndizo zilizoruhusiwa kufunika mashamba. Kila mwaka mitungi ya chai mpya ilibebwa kwa machela kutoka Uji hadi Edo, mji uitwao sasa Tokyo, na msafara ulipopita watu wa njiani walilazimika kupisha na kusujudu. Watoto wa Japani wangali wakiimba wimbo wa mchezo uitwao Zuizui Zukkorobashi, na wengi huufasiri kuwa ni ukumbusho wa hofu hiyo: jinsi watu walivyojifungia ndani mitungi ilipokaribia. Ndiyo kusema watu walimsujudia jani wasiloruhusiwa kulionja. Wao wenyewe walikunywa majani magumu yaliyochemshwa, ya rangi ya hudhurungi.

Kilichokata kamba hiyo ni watu wawili, mmoja mshairi na mmoja mkulima, na inapendeza kwamba walikutana.

Mshairi alizaliwa mwaka 1675 katika kisiwa cha Kyushu, akawa mtawa wa madhehebu ya Obaku. Madhehebu hayo yaliletwa na Ingen, Mchina aliyewasili Japani mwaka 1654, akajenga hekalu la Manpukuji huko Uji, na pamoja naye ikaja desturi mpya ya Wachina ya kuyatia majani mazima katika buli na kuyamiminia maji. Mtawa wetu alifika Kyoto, na alipokaribia miaka 60, yapata 1735, alifanya jambo lililowashangaza wenziwe: alitia birika na vikombe ndani ya vikapu, akavibeba kwa mti begani, akaenda kuuza chai njiani, chini ya miti ya maua na kwenye malango ya mahekalu. Watu wakamwita Baisao, yaani mzee muuza chai. Bei hakupanga. Aliweka kibweta cha mwanzi, na kila mtu akatia alichotaka. Asiyekuwa nacho alikunywa bure.

Sababu yake ilikuwa kali. Aliwaona watawa wa zama zake wakila sadaka kwa kuwauzia watu dini, akasema moyoni kwamba afadhali kuuza chai waziwazi. Washairi na wachoraji wa Kyoto walimzunguka, na Ito Jakuchu alimchora zaidi ya mara moja. Mashairi yake yanasimulia njaa, theluji, kibweta kitupu, na furaha isiyoelezeka ya maji yanapoanza kuimba birikani.

Mkulima aliitwa Nagatani Soen, wa kijiji cha Yuyadani karibu na Uji. Hakuwa na ruhusa ya kufunika shamba. Basi alichukua majani yaliyoiva juani, machanga tu, akayapitisha kwenye mvuke, kisha akayafikicha kwa viganja juu ya meza yenye moto chini yake mpaka yakajiviringa kama sindano na kukauka. Mwaka 1738 alifaulu: chai ya majani, isiyosagwa, yenye rangi ya kijani na harufu mbichi, iliyowezekana kwa shamba la mtu yeyote. Aliipeleka Edo, na mfanyabiashara Yamamoto Kahei akaikubali. Hiyo ndiyo "sencha" tunayoijua leo. Mwaka 1742 Baisao alimtembelea Soen nyumbani kwake, akaionja, akaisifu kwa maandishi. Mzee aliyekuwa akitafuta chai ya watu wote alikuwa ameipata kwa mtu aliyeitengeneza.

Mwaka 1755 Baisao, akiwa na miaka 80, alivichoma baadhi ya vyombo vyake, pamoja na kikapu alichokipenda kuliko vyote. Alikisemesha kikapu kama anavyosemeshwa rafiki, akakieleza kwamba hataki kife kwa aibu mikononi mwa watu wa dunia baada yake. Aliijua tarehe ya birika na mabakuli. Alijua kwamba akifa, kikapu cha mzee fakiri kitawekewa bei. Mwaka 1763 alifariki, na mwaka huo huo mashairi yake yakachapishwa. Waliompenda wakavichora vyombo vilivyosalia, wakavinakili, wakaanzisha nyumba za mafunzo ya sencha zenye taratibu na vyeo. Alichokikimbia kikamfuata kaburini.

Yaliyobaki tuyapite kwa haraka. Mwaka 1835 kivuli cha Uji na mkono wa Soen viliunganishwa, ikapatikana "gyokuro", chai ya majani iliyo nzito kuliko zote. Oura Kei, mwanamke mfanyabiashara wa Nagasaki, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuiuza chai kwa wageni katika miaka ya 1850, na bandari ya Yokohama ilipofunguliwa mwaka 1859 chai ikawa bidhaa kubwa ya pili baada ya hariri. Ukoo wa Tokugawa ulipoanguka, askari wao waliokosa kazi walikwenda kulima nyanda kavu za Makinohara, Shizuoka, kuanzia 1869. Panga zikawa majembe. Mnunuzi mkuu alikuwa Mmarekani, aliyeinywa chai hiyo ya kijani kwa maziwa na sukari! Chai nyeusi ya India na Ceylon ilipoliteka soko hilo, Wajapani walilazimika kutafuta wanywaji nyumbani. Kwa hivyo kikombe cha sencha katika kila nyumba, kinachodhaniwa kuwa cha tangu na tangu, kimeenea hasa katika karne ya 20.

Na leo? Kijani kimerudi kuwa fahari ya dunia. Mwaka 2024 chai ya kijani iliyosafirishwa kutoka Japani ilipindukia thamani ya yen bilioni 36, na sababu kubwa ni matcha, inayochanganywa na maziwa, barafu na sukari katika mikahawa ya miji yote mikubwa. Jiwe moja la kusagia hutoa gramu 40 tu hivi kwa saa, na kabla ya mwaka huo kwisha wauzaji mashuhuri wa Kyoto walikuwa wameanza kupima kiasi cha kumuuzia kila mnunuzi. Wakati huo huo wakulima wa sencha wanazeeka, miteremko ya Shizuoka inaachwa, na watu wengi wananunua chai iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chupa. Mwaka 2024 Kagoshima, yenye mashamba tambarare yafaayo kwa mashine, iliipita Shizuoka kwa wingi wa mavuno kwa mara ya kwanza. Wengine wanang'oa nia kutoka katika sencha kwenda kwenye unga kwa ajili ya bei. Simlaumu mkulima, kwani ana watoto wa kusomesha. Nasema tu kwamba jani la Soen, aliloliokoa kutoka kwenye mitungi ya machela, linaweza kuwa adimu tena, safari hii bila ya amri ya mtawala yeyote.

Basi atakayebahatika kupata majani hayo, hapa kwetu au ughaibuni, na ayaonje kama yanavyostahili. Mavuno bora ni ya kwanza. Wajapani huhesabu usiku 88 tangu mwanzo wa majira yao ya kuchipua, wakafika karibu na tarehe 2 Mei, kama wakulima na manahodha wetu wanavyohesabu miongo tangu Nairuzi. Maji ndiyo mtihani wa kwanza. Maji ya Japani ni mepesi, na visima vyetu vya mawe ya matumbawe hutoa maji mazito ya chokaa yanayoizima ladha. Maji ya mvua yaliyochujwa, au ya chupa yasiyo na madini mengi, yatafaa zaidi. Mtihani wa pili ni moto. Maji yanayotokota huiamsha ukali wote wa jani. Yachemshe, kisha yamimine katika vikombe vitupu yapoe kabla ya kuyarudisha kwenye buli. Kwa sencha yafike nyuzi 70 hadi 80, na dakika moja yatosha. Kwa gyokuro yapoe mpaka 60 au 50, na dakika mbili. Asiyependa ukali aanze na "hojicha", majani yaliyokaangwa, yanayovumilia maji ya moto sana na yenye harufu ya kukumbusha buni katika chungu. Sukari iache. Kula kashata kwanza, au tende, kama Wajapani wanavyotanguliza kitu kitamu kabla ya bakuli, halafu unywe.

Majani hayo yatafaa mara ya pili, na ya tatu, na kila mara yatasema neno jengine: kwanza utamu, kisha ukali, kisha maji mepesi ya kusafisha kinywa. Na wakati wa kumimina, ikiwa wageni ni watatu, usikijaze kikombe kimoja ukahamia chengine, kwani cha kwanza kitakuwa maji na cha mwisho kitakuwa uchungu. Mimina kidogo cha kwanza, kidogo cha pili, kidogo cha tatu, kisha rudi kutoka cha tatu hadi cha kwanza, mpaka buli likauke. Tone la mwisho ndilo lenye ladha kuliko yote, na kwa njia hiyo hakuna mgeni anayepewa zaidi ya mwenziwe.